Kupima Unyevu wa Karafuu kwa Mita ya Fundi Redio: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa karafuu simu yangu hulia kwa swali lile lile. "Mwalimu, nimechomeka waya mbili kwenye karafuu, mita inaandika OL. Si ndiyo zishakauka?"

Hapana, ndugu yangu. OL maana yake mita imefika mwisho wa uwezo wake. Karafuu zako huenda zimekauka, huenda bado. Mwengine hupiga kulalamika kwamba mita inasoma megaom 3 (megaom moja ni om milioni, na om ni kipimo cha ukinzani, yaani namna kitu kinavyozuia umeme), akivuta pumzi inasoma 5, akigeuka kumjibu mtoto anaikuta 9. Mita yake ni nzima kabisa. Anayekosea ni yeye, na anakosea pale pale walipokosea wenziwe.

Nimeandika haya kwa ajili ya hao. Ukifuata hatua zote utajua karafuu zako zimefika wapi kabla hujazitia guniani. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mita ya mnunuzi. Kinakuepusha kubeba magunia mpaka kituoni, halafu ukarudi nayo nyumbani kuyaanika upya.

## Vitu vya kuwa navyo

- Makopo mawili ya chuma. La nje liwe na kipenyo cha sentimita 12 hivi (kopo kubwa la maziwa ya unga hufaa), la ndani sentimita 7.5. Yote yawe na urefu wa sentimita 14.
- Kipande cha plastiki ngumu, hata kitako cha ndoo iliyopasuka.
- Multimita, yaani mita ya fundi redio, inayopima ukinzani hadi megaom 40. Ya megaom 20 pia itakufaa.
- Mita ya kapasita, yaani ya kifaa kinachoshika chaji ya umeme, yenye kipimo cha pikofaradi 200. Multimita ambayo kipimo chake kidogo kabisa ni nanofaradi 2 (pikofaradi 2,000) inaweza kutumika, ila itakupa tarakimu za kukisia.
- Kapasita ndogo ya seramiki ya pikofaradi 47. Fundi redio yeyote anayo kwenye kopo lake la vyuma chakavu.
- Mizani ya dijitali inayopima hadi kilo 3, gramu moja moja.
- Kipimajoto, na ndoo yenye kifuniko kinachobana.
- Karafuu kilo 2 zilizochambuliwa makonyo (vijiti vyake), zilizokauka nusu.
- Msasa, gundi, vibanio vya waya vyenye meno, daftari.

Betri ya mita inatosha. Usiunganishe kitu chochote na umeme wa ukutani.

## Kwanza ujue unapima nini

Umeme haupiti kwenye mbao ya karafuu yenyewe, yaani zile kuta za seli zilizokauka. Unapita kwenye maji yaliyoshikamana nazo, na maji hayo hayakupangwa kwa mstari. Yamekaa ovyo, tone hapa, utando pale.

Fikiria pwani maji yakiwa yamekupwa. Vidimbwi vimetapakaa, kila kimoja peke yake, na hata mtoto hawezi kusukuma kidau kutoka kimoja kwenda chengine. Maji yakianza kujaa, kwa muda huoni tofauti. Halafu ghafla vidimbwi vinashikana, na dau linapita.

Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya karafuu, ndani ya ubao, hata ndani ya unga wa protini. Mwaka 1986 wanasayansi Careri, Giansanti na Rupley walipima unga wa protini iitwayo lisozimu, wakaona chaji zinaanza kusafiri masafa marefu pale maji yalipofika takriban gramu 0.15 kwa kila gramu ya protini. Chini ya hapo maji yamo, lakini njia imekatika.

Kwa hiyo ukinzani haushuki polepole. Mbao ya Douglas fir ya Marekani, ikipimwa kwa jozi mbili za sindano za chuma kwenye joto la nyuzi 27, ina megaom 0.46 ikiwa na unyevu wa asilimia 25. Kwenye asilimia 12 ni megaom 120. Kwenye asilimia 7 ni megaom 22,400. Karafuu si mbao, na tarakimu zake hazitakuwa hizi, lakini mwendo wake ni wa namna hiyo. Sasa angalia mita yako inayoishia megaom 40. Ingekuwa unapima mbao hiyo, mita ingenyamaza kabla hujafika asilimia 12. Na asilimia 12 ndiyo tunayoitafuta, maana kiwango cha kimataifa cha ISO 2254 hakiruhusu karafuu nzima kuzidi hapo.

Ndiyo maana tunahitaji kipimo cha pili, kapasitansi. Hiki hakiulizi umeme unapita kiasi gani. Kinauliza kitu kilichokaa baina ya bati mbili kinashikilia chaji kiasi gani bila kuipitisha, tabia inayoitwa dielektriki. Hewa ni 1. Maji safi kwenye joto la chumba ni karibu 80. Kuta za mmea zilizokauka ni tarakimu chache tu. Kwa hiyo tone moja la maji linaonekana hata kama halijashikana na jirani yake.

## Hatua ya 1: Tengeneza kopo la kipimo

Kata vitako vya makopo yote mawili ubaki na mapipa mawili yaliyo wazi juu na chini. Pinda ncha zilizokatwa, zinakata vidole kama wembe. Sugua upande wa ndani wa kopo kubwa na upande wa nje wa kopo dogo kwa msasa mpaka chuma kitupu kionekane. Makopo mengi hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na rangi hiyo haipitishi umeme.

Gundisha makopo yote mawili juu ya kipande cha plastiki, dogo katikati ya kubwa. Nafasi baina yao iwe zaidi ya sentimita 2 pande zote. Karafuu moja ina urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Nafasi ikiwa nyembamba, karafuu chache zitalala kama daraja kutoka ukuta hadi ukuta na kukusomea habari zao peke yao.

Kopo langu la kwanza nililiacha na kitako. Nikaweka plastiki nyembamba ya milimita 3 juu yake, na kopo dogo, nalo lina kitako chake, nikalikalisha hapo. Nilipolipima tupu likanipa pikofaradi 47, na nikalitilia karafuu wiki nzima bila kuelewa mbona tarakimu hazisogei. Vitako viwili vilivyokaribiana vile vilikuwa kapasita kubwa kuliko kopo lenyewe. Nilikuwa napima plastiki.

Usitumie ubao badala ya plastiki. Ubao hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Pemba unaijua.

Ukifaulu: makopo hayatikisiki, hayagusani, na nafasi baina yao inabeba lita moja pungufu kidogo.

## Hatua ya 2: Lipime likiwa tupu

Funga kibanio cha waya mweusi kwenye kopo la nje, mwekundu kwenye la ndani. Usibadilishe mpangilio huu unapopima kapasitansi. Kopo la nje linakinga la ndani na mkono wako, kwa sababu mwili wa mtu nao unashika chaji.

Anza na mita yenyewe. Ipimie ile kapasita ya 47. Ikisoma baina ya 42 na 52, endelea. Ikitoka nje ya hapo, badilisha betri kwanza kabla hujalaumu kitu chengine.

Kisha pima kopo tupu. Kwa vipimo nilivyotaja, hesabu inatoa karibu pikofaradi 17, na waya huongeza kidogo. Waya zikae vile vile kila siku, zisizongwe leo na kunyooshwa kesho. Andika tarakimu na uizungushie duara, kila kipimo kitaondolewa hiyo.

Mwisho geuza mita iwe ya om. Kopo tupu lazima lionyeshe OL. Likionyesha tarakimu yoyote, plastiki ina mafuta au chumvi ya jasho. Ifute kwa kitambaa kilicholowa spiriti, iache ikauke.

## Hatua ya 3: Zilaze karafuu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Karafuu iliyotoka kwenye jamvi saa nane mchana imekauka ngozi, moyo bado mbichi. Ukiipima wakati huo mita itakusifu. Usiku, ndani ya gunia, maji ya moyo yatatoka nje, na baada ya siku chache utakuta karafuu zimefifia rangi, zina ungaunga mweupe na ngozi iliyokunjamana. Hiyo imevunda, na bei yake imekwenda nayo. Kinyume chake, karafuu iliyopigwa na umande magharibi imelowa ngozi tu, na mita itakwambia ni mbichi hali si mbichi.

Dawa ni moja. Zitie kwenye ndoo, bana kifuniko, ziweke kivulini mpaka unyevu ugawane sawa. Kama bado zinapinda ukizikunja, saa mbili tu, kwa sababu karafuu mbichi zikifungiwa usiku kucha zitavunda humo humo ndooni. Kama zinavunjika kwa sauti, ziache mpaka asubuhi.

Kulaza kunaondoa pia joto. Kwenye mbao, kila joto linapopanda nyuzi 10 ukinzani hushuka karibu nusu. Karafuu yenye joto la nyuzi 45 kutoka sakafuni itaonekana mbichi kuliko ilivyo. Pima joto la karafuu zenyewe, siyo la chumba, na uliandike. Mimi sipimi mpaka lishuke baina ya nyuzi 26 na 29.

Ukifaulu: chukua karafuu za juu ya ndoo na za chini, pima kila fungu peke yake. Zikitofautiana sana, rudisha kifuniko.

## Hatua ya 4: Jaza kwa uzito, siyo kwa jicho

Mara ya kwanza kabisa jaza nafasi baina ya makopo mawili, ligonge kopo ubavuni mara 20 kwa mpini wa kisu, ongeza mpaka lijae sawasawa na ukingo. Mimina, pima uzito. Tuseme umepata gramu 380. Kuanzia hapo ni gramu 380 kila siku, na kugonga mara 20 kila siku.

Sababu ni hewa. Karibu nusu ya nafasi ndani ya kopo ni hewa iliyojificha baina ya karafuu. Ukishindilia leo na kuzilegeza kesho, umebadilisha kiasi cha hewa, na mita haijui kama umepunguza hewa au umeongeza maji.

Tumia kijiko au kibuyu, usitumie mkono. Mkono uliotoka jasho una chumvi, na chumvi ndani ya utando wa maji hupitisha umeme kuliko maji yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, karafuu iliyorushiwa maji ya bahari chomboni usiipime kwa om kabisa. Itaonekana mbichi mpaka kiyama.

## Hatua ya 5: Soma om

Weka mita kwenye kipimo kikubwa kabisa. Bana waya, hesabu sekunde 10, soma. Toa waya, zibadilishe nafasi, hesabu tena 10, soma. Chukua wastani.

Kwa nini sekunde 10? Multimita inasukuma umeme wa upande mmoja. Chaji zilizomo kwenye maji zinakimbilia kwenye bati na kurundikana hapo, kama abiria wanavyosongamana mlangoni pa boti, na kila zikirundikana njia inazidi kuziba. Ndiyo maana tarakimu inapanda huku unaitazama. Hakuna sekunde iliyo "sahihi" kuliko nyengine. Kilicho sahihi ni kusoma sekunde ile ile kila siku. Kubadilisha waya kunapunguza mabaki ya mrundikano wa mwanzo.

Onyo: usishike vibanio kwa vidole unaposoma. Mwili wako ni njia nyengine ya umeme, na mara nyingi ni rahisi kuliko karafuu.

Ukifaulu: ukimwaga na kujaza upya mara tatu, tarakimu tatu zinakaribiana. Moja ikiwa mara mbili ya mwenziwe ni kawaida mwanzoni. Ikiwa mara kumi, rudi hatua ya 4.

Ikitoka OL, usishangilie. Nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Soma pikofaradi

Kopo likiwa limejaa vile vile, hamia mita ya kapasita. Kama ina chaguo la masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde), chagua ya juu kabisa iliyo nayo, na ubaki hapo hapo. Soma, ondoa tarakimu ya kopo tupu, andika.

Kuna sharti moja hapa, na ndilo linalofanya vipimo hivi viwili viwe kama mume na mke. Pikofaradi 40 kwenye masafa ya mizunguko 1,000 kwa sekunde hukinza umeme sawa na megaom 4. Ikiwa karafuu zako zina ukinzani wa megaom 4 hizo hizo, nusu ya kazi mita inayoiona ni uvujaji, na mita za bei nafuu hazijui kutenganisha. Zitakuandikia pikofaradi za ajabu. Nimewahi kuona karafuu mbichi zikisoma zaidi ya 900.

Ili kapasitansi iaminike, ukinzani uzidi huo angalau mara kumi, yaani megaom 40. Na megaom 40 ndipo multimita inapoandika OL! Basi kanuni ni nyepesi: om ikisema, isikilize om, pikofaradi ziache. Om ikinyamaza, sasa pikofaradi ndizo zinazosema kweli. Mwenye multimita ya megaom 20 abaki na mashaka kidogo pale mpakani, asubiri nusu siku nyengine ya jua.

Ukifaulu: kujaza mara tatu kunatoa tofauti isiyozidi pikofaradi 2.

## Hatua ya 7: Tengeneza jedwali lako mwenyewe

Mpaka hapa una tarakimu, huna unyevu. Jedwali la mtu mwengine halitakufaa, kwa kuwa kopo lake si kopo lako.

Chukua zile kilo 2 nusu kavu. Kila siku, baada ya kuzilaza, pima uzito wa fungu zima, toa gramu zako 380, pima om na pikofaradi, zirudishe. Anika, rudia kesho. Endelea mpaka uzito ukaribie kusimama.

Siku ya mwisho peleka kiasi kidogo kwa mwenye mita ya unyevu iliyosawazishwa kwa karafuu, au maabara. Hiyo tarakimu moja ndiyo nanga yako. Mfano: fungu sasa lina gramu 1,760, na mita ya kuaminika imesema asilimia 11. Basi yabisi, yaani kisicho maji, ni asilimia 89 ya 1,760, yaani gramu 1,566, na yabisi haibadiliki. Siku fungu lilipokuwa gramu 1,850, maji yalikuwa 284, yaani asilimia 15.4. Siku ya kwanza, kwenye 2,000, ilikuwa asilimia 21.7. Kila ukurasa wa daftari umepata unyevu wake.

Usijaribu kupata nanga kwa kuzikausha karafuu kwenye oveni ya nyuzi 105 kama wanavyofanya kwa mahindi. Karafuu ina mafuta yanayoruka, mara nyingi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu yake itaondoka pamoja na maji. Mizani haijui kilichoondoka ni kipi. Utahesabu mafuta kuwa maji, na utaogopa bure. Maabara huzichemsha pamoja na toluini, maji yakakusanywa peke yake kwenye kijibomba chenye alama. Hilo si la kufanya jikoni, mvuke wake ni sumu na unawaka.

Wala usianze na karafuu kavu ukazirushia maji. Inayokauka na inayolowana hazisomi sawa hata zikiwa na unyevu mmoja, kwa kuwa maji hayarudi kukaa pale pale yalipotoka. Unataka kupima zinazokauka, basi jedwali lako litokane na zinazokauka.

Chora mistari miwili. Wa pikofaradi uchore kama ulivyo. Wa om usichore megaom zenyewe, utapata mstari unaoanguka kama mnazi uliokatwa. Chora logi yake: megaom 1 iwe 0, megaom 10 iwe 1, kilo-om 100 iwe kutoa 1. Mwanafunzi yeyote wa skuli aliyefika kidato cha tatu atakusaidia.

Ukifaulu: nukta zinafuatana bila kuruka. Nukta moja ikikaa mbali na wenziwe, angalia joto uliloandika siku hiyo. Kwangu mara tisa kati ya kumi huwa ni joto.

## Ukikwama

*Pikofaradi zinashuka siku tatu, ya nne zinapanda.* Ilinyesha? Karafuu kavu hunywa unyevu wa hewa usiku mmoja tu kama ndoo haibani. Paka mafuta ya nazi kwenye ukingo wa kifuniko, kwa nje tu.

*Kopo tupu halirudi kwenye tarakimu yake ya zamani.* Mafuta ya karafuu yameganda kwenye plastiki na kwenye bati. Spiriti na kitambaa, kila baada ya siku mbili.

*Karafuu za jirani zinasoma tofauti na zangu, na zote zimekauka.* Huenda zake zina makonyo au mpeta (karafuu zilizoachwa mtini mpaka zikazaa) ndani. Makonyo hayabebi maji wala mafuta sawa na karafuu. Chambua kwanza, ndipo upime.

*Chuma kimeshika kutu.* Msasa tena, halafu rudi hatua ya 2 upime kopo tupu upya, na tarakimu mpya uizungushie duara. Ile ya zamani ipige mstari, usije ukaitumia.